Mti wa Maamuzi Uliokosa Tawi la Jirani

Mwaka 1988 wanachama 214 wa ranchi ya kikundi ya Kitengela, Kajiado, nchini Kenya, waligawana ardhi yao. Ilikuwa hekta 18,292, na ukizigawa sawa kwa sawa kila mwanachama anatoka na ekari zaidi ya 200. Watu waliozoea kuhesabu mali kwa vichwa vya ng'ombe sasa walishika karatasi yenye muhuri wa serikali, namba ya kipande na mipaka. Miaka haikuwa mingi kabla vipande vingi havijakatwa na kuuzwa, vikakatwa tena na kuuzwa tena, hadi kipimo cha ardhi kinachotajwa pale kikawa si ekari bali futi 50 kwa 100.

Ukitoka Athi River leo kwa barabara ya Namanga unayaona matokeo: ghorofa, maduka ya simiti na mabati, vituo vya mafuta, na kuta za mawe zilizoandikwa kwa rangi nyekundu, SHAMBA HILI HALIUZWI, kwa sababu matapeli wa kuuza cha mwenzao nao hawakukosekana. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 150,000 katika mji wa Kitengela. Kaunti nzima ya Kajiado ilikuwa na watu 687,312 mwaka 2009. Miaka kumi baadaye ilikuwa na 1,117,840.

Simulizi la Kitengela limezoeleka kusimuliwa kama kisa cha wafugaji wasiojua thamani ya ardhi, wakalaghaiwa na madalali. Wapo waliolaghaiwa, sikatai. Lakini familia nyingi zilizouza zilipiga hesabu, na hesabu zenyewe zilikuwa sahihi. Hilo ndilo linalonitisha. Mimi ni mmoja wa wale ambao jambo likiwa zito hukimbilia kalamu na karatasi, au siku hizi kompyuta, tukiamini kwamba tukishapata jibu bora kwa hisabati tumesalimika. Kitengela inaonyesha jinsi mtu anavyoweza kupata jibu bora la swali pungufu, na jinsi watu mia wenye majibu bora wanavyoweza kufikishana mahali ambapo hakuna hata mmoja wao aliyetaka kufika.

Turudi nyuma kidogo. Ranchi za vikundi zilianzishwa kwa sheria ya 1968. Ardhi ya Wamaasai wa Kajiado iligawanywa katika maeneo makubwa, kila eneo likaandikishwa kwa jina la kikundi, na kamati ikachaguliwa kuliendesha. Mpango ulitarajiwa kuleta mabwawa, majosho na mikopo. Badala yake, katika ranchi nyingi kukaja malalamiko kuhusu kamati, hofu ya vijana kwamba watakosa fungu, na hamu ya kila mtu kuwa na hatimiliki atakayoipeleka benki. Kufikia miaka ya 1980 ugawaji ulikuwa gumzo Kajiado nzima, na Kitengela, iliyo karibu na Nairobi kuliko nyingine nyingi, ilikuwa miongoni mwa za kwanza kugawanywa. Mwaka 1990 ikapitishwa sheria ya maeneo ya viwanda vya kuuza nje, na Athi River ikapata eneo lake la EPZ. Wafanyakazi walihitaji vyumba vya kupanga. Wanunuzi wa ploti wakafuata.

Sasa tuukalie uamuzi wenyewe, kama unavyomfikia mzee mmoja aliyekaa nje ya boma lake jioni, dalali akiwa amekwishapewa chai. "Mzee, bei hii hutaisikia tena," dalali anamwambia. Karo ya muhula imekaribia. Mvua haijulikani. Afanye nini?

Mtu aliyesomea mambo haya atamchorea mti wa maamuzi. Kwa asiyewahi kuuona: mti huanza na kisanduku, pale unapochagua wewe. Kutoka kwenye kisanduku hutoka matawi, moja kwa kila uamuzi unaowezekana. Mbele ya tawi huja duara, pale inapochagua mvua au soko, na kila tawi la duara lina uwezekano wake. Mwisho kabisa ni majani, na kila jani limeandikwa thamani. Kuutatua, unaanzia kwenye majani ukirudi shinani: ukifika kwenye duara unapiga wastani, ukifika kwenye kisanduku unachukua kilicho kikubwa. Howard Raiffa wa Chuo Kikuu cha Harvard aliieneza njia hii kwa kitabu chake cha 1968, mwaka uleule wa sheria ya ranchi za vikundi.

Tuweke namba, na nisisitize kwamba ni za mfano tu, ziwe ni maelfu ya shilingi kwa ekari. Akiuza leo anapata 100. Akishikilia, mwaka ukiwa mwema ardhi pamoja na mifugo inayoishi juu yake ina thamani ya 140. Mwaka ukiwa mbaya, 40. Uwezekano ni nusu kwa nusu, kwa hiyo wastani wa kushikilia ni 90. Mia ni kubwa kuliko tisini. Uza.

Hakuna kosa la kujumlisha wala kugawa hapo. Kosa liko kwenye mchoro. Mti huo unamlazimisha mzee achague leo mara moja tu: auze, au ashikilie milele hata ukame ukija. Maisha hayako hivyo. Baada ya msimu mmoja atakuwa ameiona mvua, na anaweza kuamua upya. Tuongeze kisanduku cha pili mbele ya duara. Mwaka ukiwa mwema anashikilia, 140. Ukiwa mbaya anaweza kuuza wakati huo, tuseme kwa 80 maana ukame umeshusha bei. Wastani wa 140 na 80 ni 110. Ghafla kusubiri kumeizidi bei ya leo, na hakuna kilichobadilika shambani. Tumechora tu kisanduku kilichokuwa kimesahauliwa.

Wanauchumi Kenneth Arrow na Anthony Fisher waliliandikia jambo hili mwaka 1974, na Mfaransa Claude Henry mwaka huohuo. Walionyesha kwamba pale uamuzi mmoja unaporudishika na mwingine haurudishiki, ule unaorudishika una thamani ya ziada ambayo wastani wa kawaida hauioni. Ardhi iliyojengwa ghorofa hairudi kuwa malisho. Malisho yanaweza kugeuzwa ploti mwaka wowote. Mzee yeyote wa Kimaasai angeweza kukueleza hayo bila mchoro, lakini dalali hakuja na mzee wa pili.

Hapo mwalimu wa hesabu angefunga daftari na kusema, basi, washikilie. Angekuwa amekosea mara ya pili, na kosa hili ni la hatari kuliko lile la kwanza kwa kuwa limejificha vizuri zaidi.

Ile 140 ya mwaka mwema imetoka wapi? Imetoka kwenye ng'ombe wanaotoka asubuhi kwenye ekari za mzee huyu, wanapita kwa jirani, wananywa maji mtoni, na msimu wa kiangazi wanahamia mbali zaidi. Ekari 200 katika nchi kavu kama Kajiado hazitoshi kulisha kundi la maana mwaka mzima. Thamani ya shamba lake imo ndani ya uwazi wa mashamba ya wenzake. Jirani akiuza, na mnunuzi akasimamisha nguzo na kuvuta seng'enge, 140 inashuka. Tuseme inakuwa 100. Sasa kushikilia ni wastani wa 100 na 80, yaani 90. Kuuza ni 100. Uza.

Ndugu msomaji, simama hapo kidogo. Wote wakishikilia, kila mmoja ana 110. Wote wakiuza, kila mmoja ana 100. Anayebaki peke yake katikati ya fensi ana 90. Kila familia iliyouza baada ya jirani yake kuuza ilifanya jambo sahihi kwa hali iliyokuwa mbele yake, na kwa kufanya hivyo ikamfanyia jirani wa tatu hali iyo hiyo. Katika mti wa kila mmoja, uamuzi wa jirani uliwekwa kwenye duara, kama mvua. Lakini jirani si mvua. Jirani naye amekaa mahali fulani na karatasi yake, na kwenye karatasi hiyo duara ni wewe.

Dalili hazikukosekana. Hapa ndipo moyo unapouma, maana nyingi zilikuwa wazi, nyingine zikiwa zimepimwa na kuandikwa.

Ya kwanza ilikuwa na pembe na ndevu. Nyumbu wa nyanda za Athi na Kaputiei walikuwa na desturi yao: kiangazi wanaingia Mbuga ya Nairobi, iliyotengwa mwaka 1946 na ambayo upande wake wa kusini uliachwa bila ua, mvua zikinyesha wanatoka kuelekea kusini kuzalia kwenye nyasi fupi. Walihesabiwa kwa ndege tangu miaka ya 1970. Mwaka 1978 walikuwa zaidi ya 26,000. Mwaka 2011 hawakufika 3,000. Wengi waliosoma takwimu hizo walisema ni habari ya watalii. Kumbe nyumbu alikuwa akipima kitu ambacho mfugaji angetakiwa kukijua kuliko mtu mwingine yeyote, tena akikipima bure: je, njia bado iko wazi? Pale nyumbu anaposhindwa kupita, ng'ombe naye atashindwa.

Ukame wa 2000 ulikuwa dalili nyingine. Wafugaji waliswaga ng'ombe hadi katikati ya Nairobi kutafuta nyasi za kando ya barabara, na jambo hilo likajirudia katika ukame wa 2009. Magazeti yalipiga picha za ng'ombe mbele ya majengo marefu na watu wa mjini wakacheka. Mtu anayechora miti ya maamuzi alipaswa kuiona picha ile na kujiuliza: wamekuja huku kwa sababu gani, na je, mahali walipokuwa wakienda zamani bado pako? Ile 40 tuliyoiandika kwenye jani la mwaka mbaya, ni nani aliyeikagua?

Kisha kukawa na ramani. Mwaka 2004 wanajamii wa Kitengela, wakishirikiana na watafiti wa taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI, walizunguka na vifaa vya GPS wakiandika kila fensi, kila timbo la mawe na kila nyumba. Hakuna aliyeweza tena kusema hajui seng'enge imefika wapi. Miongoni mwa watafiti wa Kitengela alikuwamo David Nkedianye, aliyekuja kuchaguliwa gavana wa kwanza wa Kajiado mwaka 2013. Yeye na wenzake walichunguza pia ukame wa 2005 na 2006 katika Umaasai, na utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba maeneo yaliyopokea mifugo mingi ya wageni yalipata vifo vikubwa vya mifugo. Maana yake ni kwamba hata uhamaji, ile bima kongwe ya mfugaji, ulikuwa umeanza kutegemea wangapi wengine wamehamia hapohapo. Majani ya mti yalikuwa yameunganishwa chini kwa chini, huku kila boma likiendelea kuyahesabu kama yake peke yake.

Na mwaka 2002 watafiti wa ILRI wakiongozwa na Patti Kristjanson walikuwa wamekwisha kuchapisha ulinganisho wa thamani ya matumizi mbalimbali ya ardhi papo hapo Kitengela. Waliona kwamba mifugo ndiyo iliyoingizia familia sehemu kubwa ya kipato, na kwamba kulima kwa kutegemea mvua hakukuwa na faida ya kujivunia. Namba zilikuwepo basi. Tatizo ni kwamba mwenye kuuza hakuziona, na hata angeziona, hazikuwa na jibu la swali lililokuwa likimsumbua usiku: na huyu wa jirani atafanya nini?

Niwe mkweli kwa upande wa pili pia. Kuuza ardhi si dhambi. Kuna aliyeuza ekari kumi akasomesha watoto hadi chuo kikuu, na kuna aliyeuza kwa sababu mgonjwa alikuwa kitandani. Mti wenye majani ya fedha peke yake hauwezi kumhukumu mtu huyo, na mimi sitajaribu.

Kuna mpango mmoja ambao karibu uufunge mlango huu wa kuuza kwa hofu, na nitauchambua kwa utulivu kwa kuwa una funzo lake. Mwaka 2000 ulianza mpango wa kuwalipa wenye mashamba wa Kitengela, ukiendeshwa na kikundi cha Marafiki wa Mbuga ya Nairobi na baadaye shirika la The Wildlife Foundation. Mwenye shamba alilipwa dola 4 kwa ekari kwa mwaka, kama shilingi 300 wakati ule. Masharti yalikuwa kwamba asiweke fensi, asiuze, asichimbe mawe, na awaache wanyama wapite. Malipo yaligawanywa mara tatu kwa mwaka na kupangwa yaangukie wakati wa karo. Aliyepanga hivyo alikuwa na akili nyingi: alijua kwamba dalali hupata soko zuri wiki ile ya kufungua shule.

Irudishe hesabu yetu. Anayebaki katikati ya fensi alikuwa na 90. Tuseme malipo yanamwongezea 12, anafika 102, na kushikilia kunaizidi tena 100 ya kuuza. Ona jinsi kiasi kidogo kilivyotosha. Haikuhitajika kumlipa mtu thamani ya shamba lake. Ilitakiwa tu kumhakikishia kwamba hatabaki peke yake kwa hasara. Lakini fedha zilitoka kwa wafadhili. Weka uwezekano kwamba mara moja kati ya nne mfadhili ataondoka, na ile 12 inakuwa 9. Tisini ukiongeza tisa ni tisini na tisa, na mia ni mia. Uza. Nani alichora tawi la mfadhili kuondoka? Familia zilipokuwa zikipokea hundi, tawi hilo lilionekana kama ubaya wa kutaja kifo kwenye harusi. Mamia ya familia walijiunga, wengine wakasubiri foleni fedha zipatikane, na foleni ile yenyewe ilikuwa dalili: hamu ya kushikilia ilikuwepo, kilichokosekana ni uhakika.

Sasa niseme neno kwa wenzangu wa kompyuta, kwa sababu siku hizi mti wa namna hii hauchorwi tena kwa kalamu. Unaweza kuugeuza kuwa milinganyo. Kila kifundo unakipa herufi. Herufi ya kisanduku isiwe ndogo kuliko ya tawi lake lolote, herufi ya duara iwe sawa na wastani wa matawi yake, kisha unaitafuta thamani ndogo kabisa ya shina inayotimiza masharti yote. Hiyo ni kazi ya mbinu aliyoibuni George Dantzig mwaka 1947, na kitufe cha Solver ndani ya Excel kinaifanya kabla hujameza mate. Kwa mti mdogo ni kama kuchinja kuku kwa panga la mkonge. Faida yake huonekana pale unapoweka sharti linalofunga matawi pamoja. Mfano: uwezekano wa boma kubaki bila ng'ombe hata mmoja usizidi 1 kati ya 20. Ukirudi nyuma kifundo kwa kifundo huwezi kulitimiza sharti hilo, kwa sababu kila kifundo kinaamua peke yake na hakijui wengine wamekwisha kutumia kiasi gani cha ile hatari iliyoruhusiwa. Hapo inabidi uweke vigezo vya ndiyo na hapana na kuutatua mti wote kwa pamoja.

Nimelichagua sharti hilo kwa makusudi. Ni lile ambalo mfugaji angelitaja mwanzo kabisa. Mtoto hanywi wastani wa maziwa ya miaka kumi. Mti unaotafuta wastani mkubwa tu utakubali kwa furaha mpango unaofilisi boma mwaka mmoja kati ya sita, mradi ile mitano mingine ni minono. Ukimuuliza mwenye boma, atakuambia mpango huo ni wazimu. Aliye sahihi ni yeye, na kompyuta haikukosea: haikuambiwa.

Kuna mtego mwingine ambao unatusubiri wote. James Smith na Robert Winkler waliuchambua mwaka 2006: ukiwa na makadirio mengi yenye makosa, kisha ukachagua lililo kubwa kuliko yote, mara nyingi umechagua lile lililotiwa chumvi zaidi. Wape madalali kumi ploti kumi zenye thamani moja, kila mmoja akadirie ya kwake, kisha wewe "chagua bora". Umemchagua mwongo mkubwa. Hisabati ya kutafuta jibu bora ni mtumishi mtiifu mno. Inakwenda moja kwa moja pale ulipojidanganya zaidi na kukuletea kosa hilo kama zawadi. Kadiri kompyuta inavyokuwa na nguvu, ndivyo inavyolipata haraka lile jani uliloliandika kwa matumaini.

Ipo kazi iliyofanywa Kenya hii hii ambayo inafaa kuigwa. Watafiti wa kituo cha kilimo-misitu cha ICRAF, Nairobi, walipoupima mradi wa bomba la maji kutoka Habaswein hadi mji wa Wajir, umbali wa kilomita takriban 100, hawakuanza na namba. Waliwakalisha wadau chini, wakachora pamoja nao yale yanayoweza kwenda mrama, wakaweka mipaka ya kutojua badala ya namba moja moja, kisha wakapima matokeo ya kila kundi peke yake: watu wa mji watakaopokea maji, na watu wa kule yanakotoka. Utafiti wa Eike Luedeling na wenzake ulichapishwa mwaka 2015. Kwa jicho langu uzuri wake mkubwa ni huo wa kutoficha kundi moja ndani ya wastani wa jumla. Mradi unaweza kuwa na faida kwenye jumla na bado Habaswein wakawa ndio wanaolipa.

Tungefanya hivyo Kitengela mwaka 1988 tungeona nini? Nadhani tungeona kwamba swali halikuwa kuuza au kutouza. Lilikuwa ni kipi kigawanywe na kipi kisigawanywe kamwe: njia za ng'ombe, njia za maji, malisho ya kiangazi. Vitu hivyo vikibaki vya wote kisheria, 140 ya kila mmoja haimo tena mikononi mwa jirani, na kila familia inaweza kupiga hesabu yake kwa amani, hata ikiamua kuuza sehemu. Wapima ardhi walipoweka bikoni, waliziweka kwa mpangilio wa vipande. Na kwa kawaida kikao cha bodi ya ardhi humwita mume, mke na watoto waliokua. Jirani haitwi.

Kitengela haijaisha yote. Upande wa kusini wa mbuga wapo wenye mashamba walioungana katika hifadhi ya jamii ya Naretunoi, wakiacha vipande vyao bila fensi, na hao wanastahili heshima kubwa kuliko wanayoipata. Lakini wimbi limehamia kusini: Isinya, Kajiado mjini, Bissil. Kule Kajiado Kusini, ranchi ya Olgulului-Ololarashi inayoizunguka sehemu kubwa ya Mbuga ya Amboseli nayo imeingia katika ugawaji. Huko kuna jambo moja lililofanywa tofauti na Kitengela: mwaka 2013 shirika la IFAW lilitia saini kukodisha ukanda wa Kitenden, wanakopita tembo kuelekea Kilimanjaro, na mkataba ukawa na wenye mashamba wengi kwa pamoja badala ya mmoja mmoja. Swali la mfadhili kuondoka bado lipo, na ni la kuulizwa sasa, si siku hundi zitakapokoma.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaoitwa kwenye mikutano ya ugawaji, na ninyi vijana mliosoma mnaotumwa na wazee mkapige hesabu, ombeni jambo moja kabla namba za vipande hazijatolewa. Ramani iwekwe mezani ikiwa na mito, visima na njia za mifugo, bila mipaka ya mtu. Kisha kila familia iandike majibu mawili: tutafanya nini majirani wakibaki, na tutafanya nini majirani wakiuza. Katibu akiyakusanya, kwa jioni moja ataona ni wangapi wanaouza kwa sababu wanahitaji fedha, na ni wangapi wanaouza kwa sababu tu wanaogopa kubaki peke yao.